Klematisi ya Susu kwenye Seng'enge ya Mzee Wathome

Jumapili, 7 Aprili 1996

Leo ni Pasaka, na leo ndipo naanza. Naahidi mbele ya daftari hili kwamba nitasema yote: mazuri, ya aibu, na hata yale yanayonuka. Mwalimu Khavere alinipa daftari siku ya kufunga shule, siku aliyotuaga. Amehamishwa kwao Vihiga. Alisema niandike tarehe ya kila ninachopanda na kila ninachokata, kisha nisiishie hapo, niandike na yale mengine.

Basi naanza na yanayonuka. Mtaro! Watu wamerudi kutoka soko la nyama la Burma na matumbo ya mbuzi wa Pasaka, wakayaoshea mlangoni, na ule uchafu wa kijani wa tumboni wakaumwaga mtaroni. Wakiwa wamevaa nguo za kanisani! Nzi wote wa Jogoo Road wamekuja kusherehekea hapa kwetu. Mama aliniita nile. Nilikula ugali mtupu.

Sasa mazuri. Mwisho wa safu yetu ya nyumba, kwenye kona, kuna kipande cha seng'enge kuukuu, na hapo ndipo ulipo mmea wangu. Klematisi. Jina hilo nilipewa na Mwalimu. Susu Nthoki, mama yake Baba, aliuita dawa ya mafua tu. Kule Mbooni ulitambaa kwenye ua wote wa boma lake. Ukiwa na mafua alifikicha majani, akakuwekea puani, ukapiga chafya mpaka machozi. Mwaka wa 1993 alinipa kipande chenye mizizi, nikakileta Nairobi ndani ya kopo la Kimbo, nimelipakata njia nzima. Mwaka uliofuata Susu akafariki. Baba zangu wadogo wakauza shamba, na aliyelinunua aling'oa ule ua wote akajenga ukuta wa mawe. Kwa hiyo uliobaki ni huu wangu.

Tarehe 16 Machi Mwalimu alikuja nyumbani na mkasi wake wa bustani kunionyesha jinsi ya kukata. Kuna klematisi zinazochanua kwenye tawi la mwaka jana. Hizo hupunguzwa kidogo tu. Yetu huchanua kwenye tawi jipya, kwa hiyo hukatwa bila huruma, macho mawili tu juu ya udongo. Jicho ni pale jani linapotokea. Kitabu chake kinasema ukate Februari, lakini ni kitabu cha Ulaya. Mwalimu aliucheka ule ukurasa. "Februari yao si Februari yetu, Mutheu. Wewe kata mvua ikiwa mlangoni. Ukikata kabla ya kiangazi, unaulaza njaa."

Majirani walidhani nimeuua. Leo una machipukizi kumi na manne. Nimeyahesabu mara mbili.

Mkasi aliniachia.

Jumanne, 9 Aprili

Mzee Wathome amekuja kuona mmea wangu. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya mtaa, mzee wa kanisa letu, na mtu wa kwetu Mbooni. Ndiye aliyempeleka Baba kwenye ghala la Industrial Area mpaka akapewa lori la kuendesha. Kwa hiyo akija nyumbani kwetu anapewa kiti chenye mto.

Ana tabia moja inayonitia kinyaa. Hujikuna ndani ya sikio kwa ufunguo wa gari, akautazama ufunguo, akaupangusa kwenye suruali, halafu akakupa mkono uleule. Nilimwamkia. Kisha nikaenda kunawa kwa sabuni.

Lakini alisema jambo zuri. "Mwanangu, huu mti wako unataka kwenda na hauna pa kushika. Nitakuletea nguzo na seng'enge." Sikuamini! Katika mtaa huu mtu mzima hajawahi kuupa mmea wangu kitu isipokuwa maji ya vyombo na makohozi.

Ijumaa, 12 Aprili

Nguzo zimekuja! Kumi na moja. Mafundi wawili wamechimba mashimo na kumwaga simiti. Nguzo wamezipaka oili chafu ya gari kwa ajili ya mchwa, kama watu wote wanavyofanya, na mikono yao ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko, na kwa mikono hiyohiyo wakala maandazi.

Nilidhani wataweka nguzo tatu. Seng'enge imetoka kwenye kona yangu, ikavuka kiwanja cha kamba, mpaka kwenye ukuta wa safu ya mwisho. Kiwanja cha kamba ni pale wanawake wanapoanika nguo na watoto wanapocheza mpira wa makaratasi. Wameacha nafasi moja ya kupita, upana wa mlango.

Mama Triza, jirani yetu wa mlango unaofuata, alitoka na karai kichwani. Yeye hufua nguo za watu wa Buruburu. Ndiyo kazi yake, hana nyingine, na kamba sita kati ya zile kumi ni zake.

"Na kamba zangu, Mwenyekiti?"

"Nani amegusa kamba zako, Mama Triza? Si nimekuachia mlango? Hii ni ya maua ya mtoto."

"Khai! Maua yalianza lini kuhitaji simiti?"

Watu wakacheka. Mimi nilikasirika. Nimeahidi kuandika yote, basi naandika: nilimwona Mama Triza kuwa mwanamke mwenye kelele asiyependa vitu vizuri.

Na binti yake, Triza, ni kama yeye tu! Simiti ikiwa bado mbichi chini ya nguzo ya kwanza, alichukua msumari akaandika TRIZA 12.4.96, kisha akakandamiza kidole gumba cha mguu pembeni. Nilimgombeza kwamba anachafua kazi ya watu.

"Wacha ushamba, manze," akasema. "Mimi nitakuwa hapa mpaka nizeeke."

Jumamosi, 27 Aprili

Mvua wiki mbili. Shimo la maji machafu limefumuka mbele ya nyumba ya tatu. Mambo yanayoelea humo siwezi kuyaandika, ingawa niliahidi. Watu wameweka mawe wanaruka. Mtoto mmoja hakuruka vizuri. Basi.

Mmea wangu umefurahi lakini. Leo nimeulaza, kama Mwalimu alivyonifundisha. Unachukua shina refu, unalikwaruza kidogo kwa chini, unalilaza juu ya udongo, unalifunika, unaweka jiwe. Baada ya wiki kadhaa linatoa mizizi hapo, na kutoka hapo unapata mmea mwingine wa kupanda juu. Kwa njia hii utafika mpaka nguzo ya kumi na moja.

Shina mama, lile nene kuliko yote, nimelilaza kwenye mguu wa nguzo ya kwanza. Kwanza nilifunika ile simiti kwa udongo wa kutosha, ili Mzee Wathome asione uchafu wa Triza akaghairi wema wake.

"Umenizika!" Triza akalia, huku akinishikia mawe. "Buda Wathome akikuuliza nani aliandika, sema ni malaika."

Utomvu umenichoma mikono. Malengelenge matatu, moja katikati ya vidole. Mama amenipaka mafuta ya mgando na kusema mmea wa mjinga hujulikana kwa mikono yake. Nimemwambia kwamba hata Susu uliwahi kumchoma.

Jumapili, 19 Mei

Umefika nguzo ya saba! Majani yamefunga kabisa. Nguzo hazionekani, seng'enge haionekani. Ukisimama mbali ni ukuta wa kijani tu.

Lakini watu! Leo tukitoka kanisani nimemkuta mwimbaji wa besi, yule mnene, amesimama kwenye mmea wangu anakojoa. Na anaimba pambio la ibada huku anakojoa! Alifunga zipu, akaniambia, "Nakutilia mbolea, dada." Nilimwaga ndoo nne za maji pale. Bado naisikia harufu puani.

Saa tisa Mzee Wathome alikuja na mgeni mwenye viatu vinavyong'aa. Mgeni alipandisha suruali kwa vidole viwili alipovuka mtaro, kama bibi arusi. Akatembea kiwanjani akihesabu hatua. Kisha akauliza huu mmea una umri gani.

Nikasema kwa haraka, maana nilijivuna, "Niliupanda mwaka wa tisini na tatu, mzee. Hapa kwenye seng'enge mpya una mwezi mmoja tu."

Mzee Wathome alicheka mpaka akakohoa. "Watoto wa siku hizi! Hesabu ndiyo inawashinda." Akanitemea pembeni mwa mguu. Si mimi alinilenga, ni tabia tu. Akanipa peremende yenye nywele ya mfukoni.

Hesabu hainishindi. Nilikuwa wa tatu darasani. Sijui kwa nini alisema hivyo.

Jumatano, 3 Julai

UMECHANUA!

Meupe. Madogo, maelfu, kama povu la sabuni limemwagwa juu ya majani. Nyuki wamejaa. Baridi ni kali, mbingu kijivu, mtaro ni uleule, lakini ukipita pale kwa hatua ishirini hunusi mtaro. Hatua ishirini nzima!

Mama Triza ana mafua. Nimemfikichia majani, nikampa anuse. Alipiga chafya mara saba, akanishika kichwa, akasema, "Mama Mutheu amezaa daktari." Nikaona aibu kwa yale niliyoandika Aprili.

Nimemwandikia Mwalimu, nikamtumia ua moja ndani ya bahasha.

Alhamisi, 18 Julai

Nimetoka shule nikakuta ile nafasi ya kupita imezibwa. Mabati, na kufuli. Kamba zote kumi zimekatwa. Nguo za watu zilikuwa zimerushwa upande wetu, kwenye matope, shuka nyeupe za watu wa Buruburu zikiwa na nyayo za buti juu yake.

Mama Triza alikuwa amepiga magoti anaziokota moja moja. Hakuwa anapiga kelele. Ningependa angepiga.

Kelele zilikuja baadaye. Mzee Wathome alipita na gari lake, akashusha kioo.

"Mwenyekiti, uliniambia hii ni ya maua ya mtoto!"

"Na si maua unayaona?"

"Nitaanika wapi?"

"Mama Triza, kiwanja cha mtu si kamba ya nguo. Hapa kuna mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Akapandisha kioo.

Triza ameniambia alichosikia kwa fundi wa mabati. Mwenyewe ni Mzee Wathome. Ana nyumba anajenga Njiru, na hapa anataka kujenga vyumba vya kupanga, safu mbili. Nimesimama mbele ya maua yangu nikaona yamesimama upande wake. Yalinukia vizuri vilevile.

Jumapili, 21 Julai

Leo mahubiri yalihusu jirani. Mzee Wathome alisoma neno, na miwani yake ya dhahabu, na sauti yake ile ya asali. Nilitazama ufunguo wa gari uliokuwa juu ya Biblia yake.

Baada ya ibada alipitisha karatasi kwa wanaume wa mtaa wetu, nyuma ya kanisa, juu ya boneti ya gari. Nilikuwa nimesimama karibu nikimngoja Baba. Nimeisoma. Inasema sisi wakazi tunathibitisha kwamba seng'enge ya kiwanja kile iliwekwa na Bwana Wathome mwaka wa 1986, naye amekitunza tangu wakati huo bila upinzani.

1986! Mimi nilikuwa na miaka mitatu. Nguzo zililetwa Ijumaa baada ya Pasaka, nami niliwapa mafundi maji ya kunywa!

Baba alitia sahihi. Aliandika polepole, Matheka, na ule mkia mrefu anaouweka kwenye herufi ya mwisho. Mkia uleule ulioko kwenye ripoti zangu za shule.

Mama alipika pilau. Sikuweza. Baba alitafuna, nami nilisikia kila anapotafuna. Nilimwuliza kwa nini. Hakuinua macho. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kuna mambo ya wazee, na kwamba mtu aliyekufungulia mlango hupigi teke mlango wake. Mama alisema nichukue sahani zangu nikaoshe.

Nimeziosha. Mafuta yaliganda kwenye vidole, baridi, meupe. Kila kitu leo kina mafuta juu yake.

Ijumaa, 26 Julai

Mama Triza anaanika juu ya mtaro sasa, kutoka dirishani kwake mpaka mti wa stima. Hakuna mahali pengine. Nguo zinakauka na harufu. Mteja mmoja amezirudisha zote. Aliletewa shuka, akainusa, akaiacha mlangoni bila hata kuingia.

Triza hasemi mengi. Anapiga jiwe teke.

Jumatatu, 5 Agosti

Shule zimefungwa. Laiti zisingefungwa, nisingekuwepo.

Walikuja saa nne, watu wa ofisi ya ardhi, wanaume wawili na mama mmoja mwenye faili na koti la manjano. Mzee Wathome aliwapokea na soda. Baba alikuwa na siku ya mapumziko, aliitwa asimame pale. Akasimama. Wanaume wote wa ile karatasi walisimama, mikono nyuma, kama wako msibani.

Mama Triza alijaribu kusema. "Hii fensi ni ya juzi, mama! Ya Aprili! Waulizeni hawa!" Hakuna aliyeulizwa aliyefungua mdomo. Mzee Wathome akasema, "Msimjali. Huyu hugombana na kila mtu. Jana amegombana na mtaro." Wakacheka. Hata yule mama wa faili alitabasamu.

Kisha akawapeleka kwenye mmea wangu.

Alishika shina mama, pale kwenye kona, kwa mkono ule. "Tazameni unene. Tazameni ganda linavyobanduka. Kitu kama hiki ni cha jana? Seng'enge imemezwa yote. Hii ni miaka kumi ya kazi, mama yangu."

Mama wa faili aligusa maua. "Kweli," akasema. "Mama yangu alikuwa na kama huu. Ulichukua miaka kufunga ua." Akageuka. Aliniona na kopo langu la maji. "Wewe ndiwe mwenye kuyatunza? Yametoka wapi?"

Alikuwa na sura nzuri. Aliniuliza kama mtu anayetaka kujua. Mzee Wathome aliniwekea mkono begani, nikahisi ufunguo ukinigusa shingoni, baridi. Nilimtazama Baba. Baba alikuwa anatazama viatu vyake.

Nikasema, "Yalikuwa ya nyanya yangu."

Ni kweli! Kila neno ni kweli!

"Mmeona?" akasema Mzee Wathome. "Hata nyanya yake."

Mama wa faili akaandika. Niliona kalamu ikienda. Kisha akasema watarudi Jumatatu ijayo, tarehe 12, kuweka mawe ya mpaka, na baada ya hapo faili itafungwa.

Mama Triza hakunitukana. Alinitazama tu, akachukua karai lake. Nilikuwa nimesubiri anitukane.

Nimeoga mara mbili leo. Begani bado nausikia ule mkono. Nimechukizwa na Mzee Wathome, nimechukizwa na Baba, lakini usiku huu anayenuka kuliko wote ni mimi.

Jumanne, 6 Agosti

Nilidhani Triza hatanisemesha tena. Alikuja asubuhi, akasimama mlangoni, mikono mfukoni.

"Sasa."

"Poa," nikasema. Haikuwa poa.

"Si niliandika, Mutheu. Kwa simiti. Tarehe na kila kitu. Na kidole changu cha mguu."

Nilisahau! Nilisahau kabisa, maana mimi mwenyewe ndiye niliyekifukia.

Tulikwenda kwenye kona tukijifanya tunatafuta majani ya mafua. Nilipenyeza mkono mpaka begani. Ndani, seng'enge ingali inang'aa kama sufuria ambayo haijawahi kupikiwa. Nje huwezi kuona hata waya mmoja. Kwa chini nilichimba kwa vidole. Shina mama limelala palepale juu ya mguu wa nguzo, na pale nilipolikwaruza Aprili limetoa mizizi, mingi, imesukana juu ya simiti kama kitambaa cha kufuma. Nilihisi herufi moja kwa ncha ya kidole. Nadhani ni R. Kuiona siwezi. Mpaka shina likatwe na mizizi ing'olewe.

"Kata," Triza akasema.

"Ni Agosti, Triza. Kuna maua. Mvua ni mpaka Oktoba, na hiyo kama itakuja."

"Kwa hivyo?"

"Ukikatwa kiangazi unaweza kufa. Na nikikata kidogo tu pale chini, Mzee ataona jioni, atafukia tena. Lazima nikate wote kwa mara moja, siku ileile, nguzo zote kumi na moja, yule mama aone waya."

"Kwa hivyo?"

"Ni wa Susu! Hakuna mwingine. Kule Mbooni umeng'olewa wote."

Triza akasema, bila kelele, kwamba mama yake amebaki na mteja mmoja. Mwezi ukiisha bila kamba, watarudi Vihiga. Ameshaanza kufunga vyombo. Sufuria kubwa imeshaingia kwenye gunia.

"Wewe una mmea mmoja," akasema. "Mimi nina mathe mmoja."

Mikono imevimba tena kwa ule utomvu. Vidole haviingiani.

Jumatano, 7 Agosti

Asubuhi nilimngoja Baba akiwa anavaa viatu. Nikamwuliza, "Baba, ile seng'enge iliwekwa lini?"

Alifunga kamba za kiatu kimoja. "Unajua ilivyowekwa."

"Na ile karatasi?"

"Mutheu, ni nani aliyenipeleka pale ghalani?"

"Mzee Wathome."

"Na ada yako ya shule inatoka wapi?"

"Ghalani."

"Basi." Alisimama. Chai hakuinywa. Mlangoni aligeuka akauliza kama mkasi wa Mwalimu ningali nao. Nikasema upo chini ya kitanda, umeshika kutu kwa mvua ya Mei. Akaenda. Nikadhani anataka kuninyang'anya.

Nilishinda chooni kwetu nikisugua sakafu, maana Mama alisema. Choo cha safu nzima, watu arobaini, na mtu ambaye simjui hajui kulenga. Niliposugua nilifikiri: hapa angalau uchafu unaitwa uchafu.

Saa kumi na moja Baba amerudi. Amekula, amelala kidogo na redio. Nilipoinama kuchukua ndala chini ya kitanda, mkasi ulikuwa pale, umefungwa kwa gazeti. Kutu imetoka yote. Umepakwa oili. Makali yamenolewa kwa tupa mpaka yamenikwangua ukucha nilipoyagusa. Nyumba hii ina tupa moja, nayo hukaa kwenye sanduku la Baba la vifaa vya lori.

Nilimtazama Baba. Macho yalikuwa yamefumba. Lakini mguu wake mmoja ulikuwa unacheza, na redio ilikuwa inasoma bei za kahawa.

Shitanda, mdogo wake Mama Triza, anasafiri kesho asubuhi kwenda Vihiga. Nyumba ya Mwalimu Khavere anaijua, ni karibu na soko la kwao. Atarudi Jumapili jioni. Jumatatu watu wa ofisi wako hapa. Kwa posta barua haiwezi kufika na kurudi, kwa mkono wa Shitanda inaweza.

Nimeandika barua mara tatu. Ya kwanza ilikuwa juu ya Baba. Nimeichana. Ya pili ilikuwa juu ya Mzee Wathome, kurasa mbili, na neno "kinyaa" mara nane. Nimeichana pia. Hii ya tatu ndiyo ninayoituma, nami nainakili hapa ili niwe na tarehe.

"Mpendwa Mwalimu Khavere, shikamoo. Sisi hatujambo. Klematisi imefika nguzo ya kumi na moja na imechanua vizuri, nusu ya maua sasa yamegeuka ndevu za mbegu. Udongo ni mkavu. Mkasi wako ni mkali. Nina sababu ya kuukata wote Jumatatu asubuhi, hadi macho mawili, na kung'oa mizizi yote ya pale nilipoulaza, pamoja na ya shina mama iliyoshika simiti. Najua ulisema nisikate kabla ya kiangazi. Naweza kuumwagilia kila siku kwa maji ya kusuuzia nguo, nimeshamwomba Mama Triza, amesema nitachukua yote. Tafadhali mpe Shitanda jibu akiwa anarudi, hata kama ni neno moja tu kwenye kipande cha karatasi. Je, utachipua? Na kama hautachipua, Mwalimu, nikate vilevile?"